Sura ya Saba: Mtu Aliyecheza na Mhakiki

“Saa nne, mlango wa nyuma. Usichelewe. Tukifika wote wawili, leo tunammaliza.”

Inspekta aliyasoma maneno hayo kwa sauti, bila haraka, kisha akaiweka simu ya marehemu katikati ya meza.

“Ni wewe uliyeyaandika haya?”

“Ni mimi,” alisema mwanamume aliyekaa mbele yake.

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango wa chumba cha mahojiano, alikohoa kidogo. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Mtu amekufa chini ya ngazi za nyuma za ofisi yake, hatua chache kutoka mlango wa nyuma, na simu yake ina ujumbe unaotaja mlango wa nyuma, siku hiyo hiyo, na habari ya kummaliza mtu. Na aliyeutuma ni nani? Ni yule yule aliyemchafua marehemu mbele ya dunia nzima. Koplo hakuona kilichobaki zaidi ya kumtia huyu pingu na kwenda kunywa chai.

Inspekta hakuwa na haraka ya chai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, na kesi zilizowahi kumtesa zaidi ni zile zilizoonekana rahisi siku ya kwanza.

Marehemu aliitwa Kamanda na kila aliyefanya naye kazi, ingawa hakuwahi kushika bunduki ya kweli maishani. Yeye na kaka yake walitengeneza gemu ya kompyuta ya vita iliyoitwa Bega kwa Bega, gemu ambayo mtu mmoja hawezi kuicheza. Lazima muwe wawili, kila mmoja kwake, mkiongozana kama askari wa kikosi kimoja. Ukimtangulia mwenzako mnakufa wote. Ukimwacha nyuma mnakufa wote. Watu waliipenda kupita kiasi. Mume aliyefanya kazi mbali aliicheza na mkewe jioni, na ndugu waliokuwa hawasemezani walijikuta wanasemezana, maana hakuna namna ya kuvuka daraja lenye mabomu na mtu uliyemnunia. Kisha, baada ya miaka ya kusubiriwa, ikatoka sehemu ya pili, na wahakiki wakaichana vipande vipande.

Inspekta alikuwa amezisoma hakiki hizo nyumbani kwake, miwani puani, kama mtu anayesoma habari za nchi ngeni. Mmoja aliandika kwamba risasi ni nyingi ila watu hawapo. Mwingine alilalamika kwamba askari sasa wamekuwa wanne, na anapokosekana mtu, kompyuta inaweka askari wake bandia, anayejigonga ukutani kama nzi aliyefungiwa dirishani. Wa tatu aliandika sentensi ambayo Inspekta aliirudia kuisoma: sehemu ya kwanza ilinifundisha kumngoja mwenzangu, hii ya pili inaniambia mwenzangu si lazima.

Lakini iliyochoma kuliko zote ilikuwa ya huyu aliyekaa hapa. Alama tatu kati ya kumi. Ndiyo iliyosomwa na wengi, ndiyo iliyonukuliwa kila mahali, na Kamanda alipokufa, watu wale wale walioisambaza wakicheka waligeuka na kumwita mwandishi wake muuaji. Alikuwa amehama kwake, anajificha kwa dada yake. Ndevu zake hazikuwa zimenyolewa, na shati alilovaa lilikuwa la shemeji yake. Lilimpwaya.

“Uliyemwandikia unamjua?” Inspekta aliuliza.

“Namjua kwa jina la Babu. Ndilo jina lake kwenye gemu. Mimi huko ni Tai.”

“Jina lake halisi?”

“Sijui, afande. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Huko ndivyo tunavyoishi.”

“Mlango wa nyuma wa wapi?”

“Wa ngome.”

“Ngome gani?”

Mhakiki alimtazama kama aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. “Ngome ya mwisho. Kwenye Bega kwa Bega, sehemu ya pili. Ndani yake yuko jenerali wa maadui. Mmoja anaingia kwa mbele, mwingine anazunguka mlango wa nyuma, na milango lazima ifunguliwe kwa pamoja. Huyo jenerali ndiye tuliyekuwa tunataka kummaliza.”

Koplo aliacha kuegemea mlango.

“Ngoja,” Inspekta alisema. “Hii ndiyo gemu uliyoipa alama tatu?”

“Hiyo hiyo.”

“Uliiponda, halafu ukarudi kuicheza?”

“Kwenye uhakiki niliandika ukweli kwamba sikuimaliza. Ngome haikubali askari bandia, inataka mtu. Na mimi mtu nilimkosa. Niliweka tangazo, nikangoja, hola. Watu walikuwa wameshaikimbia. Uhakiki ulipotoka tu, ukanijia ujumbe kutoka kwa huyu Babu: umesema hukumaliza, twende tumalize.”

“Ukakubali.”

“Kazi yangu ni kumaliza gemu ninayoihukumu.” Alijipangusa uso. “Na tena yule bwana alikuwa anacheza, we! Mvumilivu ajabu. Mimi nikikosea tukafa, anarudi na mimi mwanzo, wala halalamiki. Tulicheza asubuhi kadhaa. Hakuwahi kuongea, anaandika tu. Alisema kipaza sauti chake kimeharibika.”

Hapo Inspekta alielewa. Kamanda alikuwa amehojiwa mara nyingi kwenye redio na video. Angetamka neno moja tu, huyu angemtambua.

“Mlizungumza habari za gemu yenyewe?”

“Aliniuliza kama kweli ni mbaya kiasi kile. Nikamwambia ni mbaya. Akacheka, yaani akaandika kicheko. Akauliza, na hii ngome je? Nikamwambia ngome ni nzuri. Nikamwambia aliyetengeneza ngome hawezi kuwa ndiye aliyetengeneza yale mengine, haiwezekani. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akaandika, asante.”

“Asante ya nini?”

“Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, sogea, adui anakuja.”

Inspekta aliigeuza simu ikamwelekea mhakiki, kisha akaivuta tena kwake. Alikuwa ametoa habari za misiba mara nyingi kazini, na bado hakuwa amepata njia nzuri ya kuzitoa.

“Simu hii ni ya Kamanda,” alisema. “Ujumbe wako ulifika hapa. Babu ni yeye.”

Mwanamume yule alitabasamu kwanza. Alimtazama Koplo, akamtazama Inspekta, akawa anangoja mmoja wao acheke.

“Hapana,” alisema. “Babu aliniambia nimngoje. Kila asubuhi naangalia simu yangu.”

Koplo alivua kofia yake.

“Kwa hiyo yale niliyomwambia... ile kwamba ni mbaya. Nilimwambia yeye?”

“Ulimwambia yeye.”

“Na akaniambia asante.”

“Ndiyo.”

Aliinamisha kichwa polepole mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo, mabega yakimtikisika ndani ya shati la shemeji yake. Inspekta alimwacha. Koplo, ambaye tangu jana alikuwa amembebea pingu kiunoni, alitoka bila kutumwa na akarudi na glasi ya maji.

Mhakiki alipotulia, Inspekta aliuliza swali aliloliweka akiba. “Siku ile ya miadi, mlicheza?”

“Tulianza. Ikazimika katikati. Lakini nimerekodi. Huwa narekodi kila ninachocheza, kwa ajili ya video zangu.”

Waliitazama wote watatu kwenye kompyuta ndogo ya mhakiki, vichwa vimekaribiana. Inspekta hakuwa amewahi kuona gemu ikichezwa, na kwa muda alisahau kilichomleta. Askari wawili walivuka uwanja wenye moshi. Mmoja alikimbia ovyo, huyo ndiye Tai. Mwingine alitangulia hatua, akasimama, akageuka, akangoja. Akatangulia tena, akageuka tena. Walipofika kwenye ukuta wa ngome, Babu alianza kupanda kamba kuelekea mlango wa nyuma.

Hapo yakatokea maandishi mekundu chini ya skrini: Kikao kinafungwa na msimamizi.

Babu aliganda juu ya kamba. Sekunde chache baadaye yakaja maneno yake: Ngoja hapo hapo. Nakuja. Kisha skrini ikawa nyeusi.

“Rudisha,” Inspekta alisema. Mhakiki akarudisha. “Umeme ukikatika kule kwenye mashine zao, wewe huku unaona nini?”

“Picha inaganda, inakaa, halafu inaandika hakuna mawasiliano.”

“Hii haijaandika hakuna mawasiliano.”

“Hapana. Hii ni mtu ameifunga kwa amri. Msimamizi.”

Inspekta alifungua jalada na kutafuta maelezo ya kaka wa marehemu. Mle kaka alikuwa ameeleza, na kutia sahihi, kwamba siku ya msiba hakukanyaga ofisini mpaka alipopigiwa simu jioni, kwamba umeme ulisumbua na mashine zikazimika zenyewe, na kwamba uwezo wa usimamizi walikuwa nao watu wawili tu, yeye na mdogo wake.

“Mdogo wake alikuwa amening'inia kwenye kamba,” Koplo alisema taratibu. “Mikono yote ilikuwa kazini.”

“Basi aliyeifunga si yeye.”

“Lakini afande, hawa watu wa kompyuta mtu anaweza kuzima kitu akiwa kitandani kwake.”

“Ndiyo maana tunakwenda kumuuliza,” Inspekta alisema, akasimama. Mlangoni aligeuka kwa mhakiki. “Wewe rudi kwa dada yako. Na usifungue mtandao leo.”

“Afande.” Alikuwa bado anaitazama skrini nyeusi. “Gemu bado ni mbaya. Ukiondoa ngome. Ningemdanganya, angejua.”

“Angejua,” Inspekta alikubali.

Ofisi ya ndugu wawili ilikuwa jengo la ghorofa moja kwenye mtaa wa karakana na maghala. Juu viti vilikuwa vimepandishwa mezani miguu juu, nyaya zimekunjwa na kufungwa kwa utepe wa gundi, na ukutani bango la sehemu ya kwanza lilikuwa limebanduka pembe moja. Bango la sehemu ya pili halikuwapo, ila alama ya mahali lilipokuwa ilionekana, mraba mweupe kwenye rangi iliyochakaa.

Kaka yake Kamanda aliwapokea akiwa na bisibisi mkononi. Alikuwa mtu mpana, mwenye adabu, macho mekundu ya mtu asiyelala.

“Karibuni. Samahanini, hata pa kuwakalisha sina.”

“Tutasimama,” Inspekta alisema. “Pole tena kwa msiba.”

“Tumeshapoa, Inspekta. Mmempata?”

“Nani?”

“Yule mhakiki. Nimesikia mmemkamata.”

“Tumezungumza naye. Naomba unionyeshe chumba cha mashine.”

Waliteremka kwa ngazi za nyuma. Zilikuwa za saruji, nyembamba, hazina dirisha, na taa moja ndogo ikiwaka juu yake. Mahali alipokutwa Kamanda palikuwa pameshasafishwa kwa dawa, na kaka mtu aliparuka kwa hatua ndefu bila kupatazama. Upande wa kushoto ulikuwa mlango wa nyuma wa jengo, upande wa kulia mlango wa chuma. Alitoa funguo mfukoni, akaufungua.

“Funguo hizi anazo nani mwingine?”

“Alikuwa nazo mdogo wangu. Zake mlizikuta juu mezani kwake, mnazo ninyi.”

“Na mashine hizi, ukiwa nyumbani unaweza kuziendesha?”

“Hapana. Kamanda alikataa. Sehemu ya pili iliwahi kuibwa kabla ya kutoka, watu wakaivujisha, tangu hapo akasema amri yoyote itatolewa humu humu, kwenye kibodi ile.” Alionyesha kwa bisibisi, na mkono ukabaki hewani kidogo, kama uliogutuka kabla ya mwenyewe kujua alichosema.

Inspekta alikuwa anatazama ukutani, nyuma ya mlango, kwenye sanduku la kijivu. “Swichi kuu ya umeme ni hii?”

“Ndiyo.”

“Ya jengo zima? Na ngazi?”

“Ya jengo zima.”

“Mfanya usafi aliyemkuta mdogo wako alituambia aliteremka kwa tochi ya simu, kwa sababu ngazi hazikuwa na umeme. Sisi tulipofika, taa ilikuwa inawaka kama inavyowaka sasa. Katikati hapo alifika mtu mmoja tu, na ndiye aliyepigiwa simu na mfanya usafi. Ni wewe. Uliingia humu ukapandisha swichi.”

Kaka mtu aliitazama swichi.

“Siku ile gemu haikuzimika kwa umeme,” Inspekta aliendelea, sauti ile ile. “Kuna mtu alikuwa anacheza na mdogo wako, na amerekodi. Ilifungwa kwa amri ya msimamizi, kutoka kibodi ile, wakati mdogo wako yuko juu anacheza. Baada ya hapo ndipo swichi ikashushwa. Nani alikuwa humu?”

Bisibisi ilianguka sakafuni na kujiviringisha mpaka chini ya meza. Hakuna aliyeinama kuiokota.

“Nilitaka arudi nyumbani,” kaka mtu alisema.

Inspekta alitoa kalamu.

“Tangu zile hakiki zitoke, hakuwa mtu tena. Hali chakula, halali usingizi. Anakuja hapa asubuhi anaingia kwenye gemu, anamtafuta mtu yeyote aliyebaki mle peke yake, anacheza naye. Mtu akikosa mwenzake, yeye ndiye mwenzake. Wala hawajui ni nani. Mgeni huyu leo, yule kesho. Nikamwambia, gemu imekufa, waliobaki unawahesabu kwa vidole, tuzime. Akasema bado kidogo. Kila siku bado kidogo. Siku ile nikaja mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Nikasema nikizima, na umeme nikiukata, atakosa la kufanya, atarudi kwa mama, atalala.”

“Akateremka.”

“Alikuja mbio. Nilimsikia juu, nikasikia... nikasikia alivyoanguka. Nikatoka na tochi. Alikuwa amekaa pale chini, anajishika hapa.” Aligusa upande wa kichwa chake. “Nikamuuliza, umeumia? Akasema hapana, washa mashine. Damu ilikuwa kidogo tu, Inspekta, kama ya kujikwaruza. Alikuwa anaongea. Akasema washa, kuna mtu ananingoja. Nikamuuliza nani anakungoja. Akaniambia.”

“Akakuambia ni mhakiki.”

“Yule yule! Mtu aliyetuzika! Mdogo wangu amevunjika vipande, na mtu aliyemvunja ndiye anayemkimbilia gizani!” Sauti ilipanda ikagonga kuta za kile chumba, kisha ikamwishia ghafla. “Na unajua kilichonipandisha damu zaidi? Mambo yote waliyoyaponda yalikuwa yangu. Askari wanne, wale askari bandia, zile kelele. Mimi ndiye niliyesema watu siku hizi hawana subira ya kumngoja mtu. Yeye aliomba aachiwe ngome tu. Na matusi yote yakamwendea yeye, kwa sababu jina lililojulikana ni lake. Hakunitaja hata siku moja.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia, basi kaa hapo na mhakiki wako.” Aliyasema polepole, neno kwa neno. “Nikafunga huu mlango ili asiziwashe, nikaondoka na tochi yangu.”

“Alikuwa hai.”

“Alikuwa ananiita.”

Koplo aligeukia ukuta. Inspekta alilazimika kusema kilichobaki, kwa sababu kilikuwa kwenye ripoti ya daktari na siku moja kingesomwa mahakamani mbele ya watu wengi, na ni heri mtu akisikie kwanza penye watu wachache.

“Damu ilivujia ndani ya kichwa. Taratibu. Daktari anasema aliishi saa kadhaa baada ya kuanguka. Angefikishwa hospitali mapema, pengine ingekuwa vingine.”

Mtu mpana yule alitafuta kitu cha kushika, akashika kona ya mashine, na taratibu akateremka mpaka akakaa sakafuni. “Jioni waliponipigia,” alisema, “nilidhani wananiambia amekataa kutoka.”

Inspekta alimweleza haki zake, na makosa ambayo angeshtakiwa nayo, kuanzia kudanganya polisi. Aliitikia kila kitu kwa kichwa. Aliomba jambo moja, kwamba mama yao asiyasikie haya kwa watu. Amwambie yeye.

“Nitakupitisha,” Inspekta alisema. “Pingu hatutakufunga mbele yake.”

Ndani ya gari Inspekta alikaa mbele, jalada mapajani, akilipekua bila kutafuta chochote maalumu. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye orodha ya simu za Kamanda. Simu ya mwisho aliyopiga siku ile alimpigia mama yake. Waliizungumzia na mama siku ya kwanza, akasema kijana alimpigia kumsalimia tu, wakaandika hivyo na kupita, kwa kuwa mama aliyefiwa ni vigumu kumuuliza jambo moja mara mbili. Wakati ule hawakuwa wanajua ameanguka saa ngapi. Sasa walijua. Inspekta aliulinganisha muda wa simu na muda wa maandishi mekundu kwenye skrini ya mhakiki.

Kamanda alimpigia mama yake baada ya kuanguka.

Alilifunga jalada. Nyuma yake, kaka mtu alikuwa anatazama dirishani, midomo ikicheza, akijipangia namna ya kuanza kusema.

Mama aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa miwani yenye kamba, na jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama mwanawe mikono, yote miwili, kisha uso.

“Ingieni,” alisema. “Kaa, mwanangu.”

“Mama, nina jambo la kukuambia.”

“Kaa kwanza.”

Alikaa. Kila alipofungua kinywa, kilitoka kitu kisicho neno. Inspekta alivuta kiti akakaa karibu na yule mama, magoti yao karibu kugusana.

“Mama, nisamehe nikikuuliza tena. Siku ile alipokupigia, alikuambia nini?”

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena.

“Aliniambia ameteleza ngazini, kichwa kinamgonga. Akaniambia kaka yake amekuja na ameondoka na hasira.” Alimgeukia mwanawe. “Akasema, mama, akifika huko usimgombeze. Nimemuudhi mimi.”

Sauti iliyomtoka yule mtu mpana haikuwa ya kulia wala ya kusema. Alijifunika uso kwa mikono yote.

“Ulijua tangu siku ile,” Inspekta alisema.

“Nilijua.”

“Hukutuambia.”

“Ningewaambieni nini, mwanangu? Mmoja nimetoka kumfukia. Niwape na huyu kwa mkono wangu?” Aliinamisha kichwa, akawa anasemea mapajani mwake. “Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia huo ni uchovu, siku zote hizi hulali. Jilaze hapo hapo kidogo, kikitulia unipigie. Akasema haya, mama. Nikakaa na simu hapa mpaka giza likaingia. Nikawa nasema, mwache, leo amepata usingizi.” Aliinua macho. “Mimi ndiye niliyemwambia alale. Hilo umeliandika?”

“Hapana, mama.”

“Liandike.”

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi. Aliiangalia, akaifunga, akairudisha mfukoni. Koplo alikuwa ametoka nje zamani, na kupitia dirishani alionekana amesimama kando ya gari, ameshika kofia.

Kaka mtu alikuwa amesogea kutoka kitini na kupiga magoti mbele ya mama yake, kichwa kimelala mapajani mwake kama mtoto. Mama alimpitishia vidole kwenye nywele. Hatimaye Inspekta alisimama, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kufanya hivyo.

“Mnakwenda naye sasa hivi?” mama aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Atarudi lini?”

“Sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya.”

“Huko mnakomlaza kuna baridi?”

Inspekta alifikiria mahabusu, sakafu yake, dirisha lake lisilo na kioo. “Usiku, ndiyo.”

“Basi ngoja nimtafutie sweta.”

Aliingia chumbani. Walisikia kabati likifunguliwa, kisha kimya, na kimya kile kilikaa muda mrefu kuliko unaohitajika kutafuta sweta. Alirudi na moja ya rangi ya udongo, imekunjwa vizuri, akamkabidhi mwanawe mkononi.

Ilikuwa ya mdogo wake. Kaka mtu aliipitisha kichwani, akaivuta mabegani ilipokwama, akanyoosha mikono. Mikono ya sweta ilimfika katikati ya kigasha tu. Mama alijaribu kuivuta kidogo ifike mbele, upande mmoja, kisha wa pili, halafu akaiacha, na akawafungulia mlango.